Jembe Lililoegemezwa Ukutani

Kwa miaka yangu yote ya kazi nilipiga pasi mashuka katika hoteli moja ya ufukweni, Bujumbura. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na baa ya wageni. Muziki ulianza mchana na haukuzimwa mpaka mtu wa mwisho aondoke. Nilipiga pasi kwa kufuata mdundo bila kupenda. Hata leo nikishika pasi, mkono wangu unataka kwenda haraka kuliko kitambaa kinavyotaka.

Mke wangu aliuza chai na mandazi nje ya geti la hoteli hiyo hiyo, kwa hiyo muziki ule ulikuwa wake pia. Alizaliwa Lubarika, ng'ambo ya mpaka, katika bonde la Ruzizi upande wa Kongo. Alikuja Bujumbura msichana, kukaa kwa shangazi yake, nikamwoa, na tangu hapo alirudi kwao kwa matanga na harusi tu. Siku za mapumziko alikuwa akiweka pamba masikioni, anakaa uani na kufumba macho. Nikimuuliza anafanya nini, anajibu kwamba anasikiliza kwao.

Wazo la kuhama lilitoka kwa wageni wawili wazee, mume na mke, waliotoka nchi ya mbali. Mpishi aliyejua lugha yao alinieleza kwamba wamestaafu na hawaishi tena kwao. Wamehamia nchi ya watu wengine, tena si pwani, ila mji mdogo wa ndani ambako hakuna mgeni anayefika. Walisema ufukwe ni wa mtu atakayeondoka Jumapili. Mtu anayetaka kubaki atafute mahali ambapo watu wanalima.

Jioni nilimsimulia mke wangu, nikidhani tutacheka. Hakucheka. Aliendelea kukanda unga, kisha akasema, "Na sisi tunaweza."

Nilipoaga kazini, mpishi yule yule alinishika bega. "Watu wanatoka Kongo kukimbilia kwetu, wewe unatoka kwetu kukimbilia Kongo. Kichwa ni kizima?"

"Ni cha mke wangu," nilimjibu.

"Basi umekwisha."

Wenzangu wa chumba cha pasi walininunulia zawadi ya kuagana, pasi ya makaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo mdogo kwenye kifuniko. Walijua kule tunakokwenda umeme ni wa kubahatisha. Tulivuka mpaka wa Kavimvira na godoro, sufuria na pasi ile mapajani mwangu. Askari wa mpaka aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikasema kupumzika. Akamwita mwenzake aje asikie.

Sitaficha kitu. Bonde hili halina sifa nzuri, na sifa hiyo haikutoka hewani. Kuna majira barabara ya Uvira inafungwa na watu wanalala na viatu karibu. Kuna vijiji, kama Mutarule, ambavyo mtu akivitaja huteremsha sauti. Tulijua hayo. Mke wangu alisema hata Bujumbura tumewahi kulala na viatu karibu, tena muziki ukipigwa.

Tulijenga katika kiwanja cha marehemu baba yake, nyumba ya matofali mabichi na bati. Upande wa kushoto alikaa dada yake mkubwa, mjane, mwenye mdomo mkali kuliko kisu cha kukatia sombe, yale majani ya muhogo. Nyuma ya nyumba ulipita mfereji, na ng'ambo yake aliishi mzee mmoja ambaye zamani alifundisha katekisimu. Kuanzia hapo mashamba yalifuatana kandokando ya mfereji, kila nyumba na kipande chake, mpaka chini ya kilima.

Wiki za kwanza sikuweza kulala mchana. Nilikuwa nikishtuka kwa sababu hakuna kitu. Nilisikia kinu mahali fulani, maji ya mfereji, mbuzi, mtu akimwita mtu kwa jina refu la Kirundi, kisha tena hakuna kitu. Mke wangu alinikuta nimekaa kitandani, macho wazi.

"Unatafuta nini?"

"Sijui."

"Ni hiki hapa," alisema. "Hiki njo nilikuwa nasikiliza kule uani."

Kwa watu wa Lubarika nilikuwa kichekesho. Kule mwanaume huleta mke kwake. Mwanaume anayekwenda kukaa kwa wakwe, tena uzeeni, tena Mrundi wa mjini, anaacha mlango wazi kwa kila mwenye mdomo. Shemeji yangu, yule dada mjane, aliingia wa kwanza. Watu wakija kutusalimu, yeye ndiye alinitambulisha: "Huyu ni shemeji. Ameolewa hapa kwetu. Tulitoa mahari ndogo, mnaona wenyewe hali yake."

Nilicheka nao. Shemeji na shemeji wanataniana, hilo ni la pande zote mbili za mto, na nilikuwa na ya kwangu ya kumrudishia. Nilimwambia kama angekuwa na ulimi mfupi kidogo mumewe angeishi zaidi. Alijipiga mapaja kwa kicheko. Lakini ukweli ni kwamba utani ule ulikaa ndani yangu kama mchanga kwenye kiatu. Kila nilipoketi na wanaume nilijua nimeketi pale kwa sababu ya mke wangu.

Pasi ndiyo iliyonipa kazi. Jumamosi mchana watu walileta mashati ya misa, suruali za shule, na siku moja kanzu ya padri aliyekuwa akipita. Walileta makaa yao wenyewe. Niliweka meza chini ya kibaraza, nikanyunyiza maji kwa vidole, na mke wangu akakaa karibu akichambua maharage. Wakaniita mzee wa pasi. Nilipenda jina hilo.

Jembe sikulishika. Nasema kama ilivyo. Nilizaliwa Buyenzi, katikati ya mji, ambako ardhi ni ile inayokaa kwenye nyayo. Shambani alikwenda yeye na dada yake, na mimi niliwapelekea chai kwenye chupa, nikasimama kwenye ukingo wa mfereji nikiwaangalia migongo. Mara moja nilijaribu kuomba jembe. Mke wangu alisema, "Acha, utajikata mguu, halafu nani atapiga pasi?" Sikuomba tena.

Mara chache tulishuka Uvira kununua ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na chumvi. Tukimaliza sokoni tulikwenda ziwani, tukakaa kwenye mawe karibu na mahali wanawake wanapoanika samaki. Kutoka pale, siku hewa ikiwa safi, unaona Bujumbura ng'ambo ya maji, nyumba nyeupe chini ya milima. Yeye alikuwa akiinyooshea kidole.

"Angalia, leo wamezima muziki."

Alisema hivyo kila mara, na kila mara nilicheka.

Aliugua kifua mwishoni mwa kiangazi. Tulimpeleka kituo cha afya, nao walifanya walichoweza. Alikufa mchana, nami sikuwa pale, nilikuwa nimetoka kutafuta maji ya moto. Nilirudi na chupa ya chai mkononi nikamkuta shemeji amesimama mlangoni, na nilivyomwona hana la kunitania, nikajua.

Tulimzika karibu na baba yake, chini ya kilima. Msimu ule ng'ombe walikuwa wameshuka kutoka milima ya Bijombo kula mabua kwenye mashamba yaliyovunwa, na jeneza lilipopita wachungaji walivua kofia, wakawazuia ng'ombe pembeni kwa fimbo. Watu wa mfereji wote walikuja, wakaleta maji, kuni, bugali. Nilikula walichoniwekea mbele.

Binti yetu, aliyebaki Bujumbura na familia yake, alikuja. Alikaa mpaka siku za kwanza za matanga zilipokwisha, na asubuhi ya kuondoka alikaa na mimi kibarazani.

"Baba, hapa ulikuwa na mama," alisema. "Sasa una nani?"

"Kuna mama yako mkubwa na watu."

"Ni watu wa mama. Nina chumba nyuma ya nyumba yangu. Ni kidogo lakini ni chako. Wajukuu wako pale."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa mgeni aliyekuja nyuma ya mtu, na mtu huyo amekwenda. Nilimwambia anipe mpaka mvua, nitamjibu. Akakubali, akasema tu nisingoje barabara ichafuke.

Baada ya hapo watu hawakuacha kuja. Mchana, jua likipungua, walikuja mmoja mmoja, wakakaa uani kwangu. Mzee wa ng'ambo ya mfereji alikuja na kigoda chake mwenyewe. Wanawake walikaa kwenye mkeka upande wa shemeji. Hawakusema mengi. Waliuliza kama nimelala, kama nimekula, wakaangalia mbele. Mwanzoni nilishukuru. Bujumbura, watu wangekuja siku ya maziko na baada ya hapo kila mtu angerudi kwenye shida yake.

Wingu la kwanza lilitoka upande wa ziwa. Mvua ikanyesha kidogo, vumbi likanyamaza, harufu ya udongo ikaingia mpaka ndani ya mto wa kulalia. Nilitegemea kwamba kesho yake sitamwona mtu uani, maana mke wangu alikuwa akiamka usiku kwa usiku kwenda shambani harufu ile ikitoka, hawezi kungoja kuche. Lakini mchana ule walikuja wote. Wakakaa. Mzee akaangalia juu.

"Imenyesha," akasema.

"Imenyesha," nikajibu.

"Udongo umelowa."

"Ndiyo, mzee. Vumbi limepungua."

Akaniangalia kwa muda, kisha akasema ndiyo, vumbi limepungua.

Alipoondoka alisahau jembe lake. Nililiona limeegemezwa ukutani kwangu, karibu na mlango. Nikafikiri uzee unamwingia. Asubuhi nililisafisha, nikalipangusa mpini kwa kitambaa, nikavuka mfereji na kumpelekea. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Umelileta," alisema.

"Ulilisahau, mzee."

"Eh. Nililisahau." Mkewe alikuwa mlangoni, akaingia ndani haraka.

Mvua ya pili ilikuwa nzito zaidi. Maji ya mfereji yakawa mekundu. Mchana uani kwangu palijaa kama kawaida, na sasa niliona nyuso zinabadilika. Mtu alikuwa akiongea katikati ya sentensi, macho yanakwenda kwenye mashamba, anayarudisha. Mama mmoja mwenye watoto wengi alishika mapaja yake na kuyabonyeza, kama mtu anayengoja gari lililochelewa. Walipotoka, jembe lilikuwa ukutani tena. Nikalisafisha tena. Nikampelekea tena, na safari hii nilimshauri alifunge kitambaa chekundu kwenye mpini ili asiwe analisahau. Alinishukuru kwa ushauri.

Nilianza kuwaza vibaya. Nilijiuliza kwa nini watu wazima hawaendi shambani mvua imeshanyesha, wanakuja kuniangalia mimi. Nikapata jibu ambalo lilinifaa kwa hali niliyokuwa nayo: wananiaga. Wamejua kwamba binti yangu ameniita. Ni watu wa heshima, hawawezi kuniambia niende, basi wanakaa na mimi mpaka nielewe mwenyewe. Kiwanja ni cha ukoo wao. Shamba ni lao. Mke ameondoka, na aliyeolewa anarudi kwao. Wazo hilo lilinikaa vizuri kabisa, kila kitu kiliingia mahali pake. Hata utani wa shemeji uliingia.

Binti alipiga simu. "Baba, huku mvua imeanza. Kwenu je?"

"Imeanza."

"Basi?"

Nikamwambia aje Jumamosi. Nilipokata simu sikulia. Nilitoa begi chini ya kitanda.

Vitu vyangu vilikuwa vichache. Nilikunja mashati kama nilivyofundishwa hotelini, mikono nyuma, kola juu. Vitenge vya mke wangu nilivigusa nikaviacha, sikujua ni vya kupewa nani. Nikamwaga majivu ya zamani kwenye pasi, nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka juu ya begi. Shemeji aliingia bila kubisha hodi, na bakuli la sombe mkononi. Aliangalia begi. Aliangalia pasi.

"Unaenda."

"Jumamosi, shemeji. Binti anakuja kunichukua."

Aliweka bakuli mezani polepole. Nilingoja aseme neno la kuniaga. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya nyumbani kwangu tangu maziko, maana alikuwa akikaa chini.

"Sawa," alisema. "Sasa utatufungulia kwanza mbele ya kwenda, ao nifungue minye mwenyewe?"

"Kufungua nini?"

"Udongo."

Sikuelewa, na uso wangu ulimwambia hivyo. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kujua kama anataniwa. Kisha akafunika mdomo kwa mkono.

"Weye haujui," alisema. "Mungu wangu. Mdogo wangu hakukuambia?"

Hapo ndipo aliponieleza. Kwingine sijui kukoje, nasema ya mfereji ule. Mtu akifa katika nyumba moja, nyumba zote zinazokunywa maji ya mfereji ule haziingizi jembe shambani mpaka nyumba ya marehemu iingize la kwanza. Anayeliingiza ni aliyebaki kitandani, mume au mke. Akipiga chini mara moja, watu wote wako huru. Akikataa kukaa, akaenda kwao, basi ndugu wa marehemu anapiga badala yake, lakini hiyo ni kusema nyumba imefungwa, moto wake umezimwa, na kiwanja kinarudi kwa ukoo.

"Kwa hiyo watu wanakuja hapa kila siku..." nilianza.

"Wanakungojea. Wanangoja na mbegu zinaoza ndani ya debe! Yule mama wa watoto wengi, mahindi yake ya mbegu panya wameanza kuyala. Mzee amekuletea jembe mara mbili. Mara mbili, shemeji! Na weye unalisafisha, unamurudishia. Mke wake amecheka mpaka ameumwa tumbo. Mara ya pili hakucheka tena."

"Nilidhani amesahau."

"Eh, tumesikia. Umemwambia afunge kitambaa."

Nilikaa kitandani. Niliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Sauti yake sasa haikuwa ya utani. "Nani ataenda kumwambia muntu, inatosha sasa, acha kulia, sisi iko na njaa? Tungekuwa bantu gani? Jembe linawekwa karibu na mlango. Mwenye kilio analiona. Siku moyo wake umetulia, analichukua mwenyewe. Tangu babu zetu haijatokea muntu kulirudisha."

Akaanza kucheka, na alipocheka machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kitu gani kati ya viwili. Mimi pia.

Alipotulia alifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Kama unaenda, enda," alisema. "Hakuna atakayekukasirikia. Kesho asubuhi nitapiga minye, watu walime. Mvua haitatungoja tena." Akasimama, akasogeza bakuli karibu yangu. "Kula. Imeungwa na karanga."

Aliniacha na begi. Sitaki kusema kwamba moyo wangu ulijua la kufanya, haukujua. Nilikaa nikafikiria chumba cha nyuma ya nyumba ya binti yangu, wajukuu, adhana ya msikiti niliyoisikia tangu utoto, barabara yenye lami. Vyote ni vizuri, na ninavipenda. Nikafikiria pia jinsi nilivyosoma nyuso za watu kinyume, siku zote zile. Niliwaona watu wanaongoja nianze, nikadhani wanangoja niondoke. Kisha, nikiwa mkweli, nilifikiria njaa yao. Hawakuja kwa mapenzi tu. Walikuja kwa sababu mimi ndiye niliyeshika mlango. Kitu hicho kilinipa utulivu ambao huruma yao haikunipa. Huruma ningeweza kuiacha pale uani nikaenda zangu.

Asubuhi jembe la mke wangu lilikuwa mahali lilipokaa siku zote, nyuma ya pipa la maji. Mpini wake ulikuwa umelika sehemu mbili, pale alipokuwa akishika. Mikono yangu ni mikubwa kuliko yake, haikuingia vizuri katika sehemu zile. Nililibeba begani kama nilivyomwona akilibeba, nikatoka.

Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini shemeji alikuwa ameshaamka kwenda kupiga jembe lake, na aliponiona na langu alisimama katikati ya njia. Aligeuka, akapiga mluzi kuelekea ng'ambo ya mfereji, mluzi wa kuitia ng'ombe.

Nilipofika shambani na kuinua macho, walikuwa wameanza kutokea. Mzee alisimama kwenye kipande chake akijifanya anaangalia mti. Mama wa watoto wengi alisimama kwenye chake na debe la mbegu pembeni. Mpaka chini ya kilima, kila kipande kilikuwa na mtu amesimama na jembe mkononi, kila mmoja akiangalia upande mwingine, ili nisione aibu.

Nikapiga. Jembe liliingia kidogo tu, likaruka pembeni, likanirushia udongo kwenye suruali. Suruali niliyoinyoosha mwenyewe. Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi, likaingia na kukwama, na nilipolivuta likaja na bonge jekundu lililolowa, na nyungunyungu ndani yake.

"Inatosha!" mzee aliita kutoka ng'ambo. "Imefunguka, mzee wa pasi, inatosha!"

"Mwache," shemeji alimjibu kwa sauti ya kusikika mbali. "Anaunyoosha kwanza, udongo wetu umekunjamana."

Kicheko kilipita kwenye mfereji mzima. Kisha ukaja mlio wa majembe, mmoja, kisha mingi, bila mpango, mwingine karibu, mwingine mbali kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya pili. Nilisimama nikausikiliza. Nilikuwa nimepita karibu na mlio huo kila msimu na chupa ya chai mkononi, sikuusikiliza. Nilifikiri juu yake na pamba zake masikioni. Nikainama nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wasimame tena.

Shemeji alikuja kunionyesha. Alinishika viwiko, akaniinamisha mgongo, akaniambia nisipige kama ninaua nyoka. Aliniwekea mbegu kiganjani na kunionyesha umbali kati ya shimo na shimo kwa unyayo wake. Nilipanda mstari mmoja mpaka ukingoni, na ulinichukua muda ambao yeye alimaliza kipande kizima.

Simu ililia nikiwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Baba, umeshafunga vitu? Jumamosi nakuja na gari ya jirani."

"Njoo," nilimwambia. "Lakini njoo kuniona tu. Nimepanda."

"Umepanda nini?"

"Mahindi. Na maharage katikati."

Nilisikia gari zikipita kwake, na mahali fulani nyuma, muziki. "Baba, wewe? Nani atapalilia?"

"Mimi."

"Hujui kupalilia."

"Sijui," nikakubali. "Nina muda wa kujifunza mpaka mahindi yaote."

Hakufurahi, na sikumdai afurahi. Jumamosi alikuja, akaiangalia mikono yangu yenye malengelenge, akanipaka mafuta akilia kidogo. Jioni akarudi Bujumbura bila mimi. Tulikubaliana kwamba baada ya mavuno tutazungumza tena. Sijui tutakayosema. Kifua changu si kizima sana, na barabara ni ile ile. Pasi nimeitoa kwenye gazeti, Jumamosi mashati yanakuja.

Mahindi yameota. Yote kando ya mfereji yamesimama kwa mistari kama mashuka kwenye rafu, isipokuwa mstari wangu, ambao unaanza vizuri, unakwenda kushoto, unakumbuka kitu, unarudi. Unaonekana hata kutoka barabarani. Shemeji anasema watu wanaopita kwenda sokoni wanasimama kumuuliza ni mlevi gani aliyepanda pale.

"Na weye unawajibu nini?" nilimuuliza.

Alikuwa akipalilia kipande chake, hakuinua kichwa. "Nawaambia ni mukwe wetu," alisema. "Na kwamba waache kumcheka, ile ya kumcheka ni kazi yetu."